Kiuno 31, Hipsi 45

Chukua suruali mbili za kike zilizoandikwa 14, za kampuni mbili tofauti, zote za Uingereza, uzilaze mezani uzipime kwa futi kamba. Mara nyingi nakuta moja kiuno chake ni inchi 31, mwenzake 33. Hipsi, moja 40, nyingine 43. Mapaja ndiyo usiseme. Nauza mitumba ya kike sokoni Mwanga, hapa Kigoma, suruali na sketi zaidi, magauni kidogo, na kwa muda wote niliokaa kwenye meza hii sijaona lebo iliyomaliza ubishi wa mteja. Ubishi huanzishwa na lebo yenyewe. Mama anakuja na uhakika wake, "Mimi navaa 14," nampa 14, inagoma mapajani. Nampa 14 nyingine, inapanda vizuri halafu inaachia mgongoni kiasi cha kuingiza ngumi. Ananitazama mimi kama tapeli, kisha anajitazama mwenyewe, na hapo yanaanza maneno nisiyoyapenda: "Basi mwili wangu ndio mbaya."

Kabla ya mitumba nilikaa kwa shangazi yangu Ujiji, fundi wa magauni ya vitenge. Kwa shangazi hakuna namba. Mteja anasimama, anapimwa kifua, kiuno, hipsi, mgongo, mkono, urefu, na kila kitu kinaandikwa kwenye daftari ambalo kurasa zake zina madoa ya mafuta ya cherehani. Pembeni anaweka maneno yake: "bega la kushoto limeshuka", "ana tumbo juu", "kalio". Harusi ikitokea, sare ya kitenge kimoja inashonwa kwa wanawake wa ukoo mzima, wembamba kwa wanene, na wote wanapendeza, maana kila mmoja kakatiwa la kwake. Gauni likibana, anayelaumiwa ni shangazi: "Fundi, umeniharibia kitambaa changu!" Sikumbuki hata mmoja aliyelaumu hipsi zake. Nilipohamia kwenye mitumba nikakuta lawama imegeuka, mvaaji ndiye anayeomba radhi kwa nguo. Nikataka kujua huyu mwanamke wa 14, ambaye sote tunatakiwa tufanane naye, ni nani na anakaa wapi.

Nimemtafuta sana kwenye simu, jioni nikishafunika meza. Habari zake zinaanzia Marekani. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya nchi ile (ndiyo, kilimo, kwa sababu idara ya masuala ya nyumbani ilikuwa chini yake) ilituma wapimaji wakapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Nguo za kuagiza kwa posta zilikuwa zinarudishwa kwa wingi kwa sababu hazitoshi, na wafanyabiashara walitaka mahali pa kushika. Kazi ile waliiongoza Ruth O'Brien na William Shelton, na matokeo yakachapishwa 1941. Wanawake walijitolea kwa malipo madogo, na vipimo vilivyotumika ni vya wanawake weupe tu. Mwaka 1958 serikali yao ikatoa viwango rasmi vilivyotokana na hesabu zile, ikavirekebisha 1970, na 1983 ikaviondoa kabisa. Tangu hapo kila kampuni ya kule inajipangia yenyewe.

Na kampuni ikiachiwa ijipangie itafanya kile ambacho hata mimi hapa Mwanga ningekifanya: kumfurahisha mteja. Nguo ikabaki na ukubwa wake, namba ikashushwa. Saizi 8 ya Marekani ya siku hizi inakaribia saizi 16 ya mwaka 1958. Kwa hiyo belo likiwa na gauni la zamani kweli, la wakati wa bibi zao, na gauni la juzi, namba zao hazizungumzi hata kidogo.

Ongeza na mipaka ya nchi. Nguo inayoitwa 12 Uingereza ni 8 Marekani, 38 Ujerumani, 40 Ufaransa, 44 Italia. Baadhi ya kampuni huzipanga zote kwenye lebo moja, mteja anachagua ile inayompendeza na kuikariri. Nina mama mmoja ambaye hataki kusikia kitu zaidi ya 38. Ukimwonyesha kwamba 38 ile ile kwa Waingereza ni 12 anafurahi zaidi.

Nguo za China ndizo zenye lebo ya ukweli kuliko zote, ila hakuna anayeisoma. Utakuta imeandikwa 160/84A. Maana yake ni hii: mwanamke wa urefu wa sentimita 160, kifua sentimita 84, na ile herufi inataja umbo. Herufi ziko nne, Y, A, B na C, na zinapanga tofauti iliyopo kati ya kifua na kiuno. Y ni yule ambaye kifua kinazidi kiuno kwa sentimita 19 hadi 24; A ni 14 hadi 18; B ni 9 hadi 13; C ni 4 hadi 8. Yaani wale wamekubali kwamba wanawake wawili wenye kifua kimoja wanaweza kuwa na viuno viwili. Nilipolielewa hilo niliwapigia makofi peke yangu pale mezani. Kisha nikagundua lebo yote ile haijasema neno moja kuhusu hipsi, na kwa wateja wangu hipsi ndipo kesi ilipo.

Lakini habari za lebo ni nusu tu, tena nusu ndogo. Nusu kubwa iko kwenye chumba cha kukatia.

Kampuni ya nguo huajiri mwanamke mmoja, aliye hai, wa kujaribia sampuli. Mara nyingi ni wa saizi ya kati au chini yake kidogo, tuseme 10 au 12 ya Uingereza. Suruali inakatwa, anaivaa, anatembea, anakaa, mkataji anabana pini hapa, anaachia pale, mpaka imkae huyo dada. Ikishamkaa yeye, vipande vyake vinakuwa mama wa suruali zote za aina ile. Vinaongezwa na kupunguzwa kwa hatua, kwa kawaida kama sentimita 5 kwa kila saizi, kifuani, kiunoni na kwenye hipsi kwa pamoja. Ni kama kukuza picha ya pasipoti: unaweza kuifanya kubwa ya kujaza ukuta, sura itabaki ya mtu yule yule. Mwanamke wa 14 niliyekuwa namtafuta ni dada wa 10 aliyekuzwa. Wa 18 ni huyo huyo.

Sasa kila kampuni ina dada yake. Inayouzia wasichana itamtafuta msichana aliyenyooka, tumbo bapa. Inayouzia akina mama watu wazima itamchukua mtu mzima, kiuno kimepanuka, tumbo lipo, na itapandisha kiuno cha suruali ili kulisitiri. Ndiyo maana mtu mmoja anavaa 12 ya kampuni fulani bila shida yoyote, na kwa kampuni ya jirani hata 16 haimpandi. Hajanenepa kati ya meza na meza. Amekutana na dada anayefanana naye, halafu akakutana na asiyefanana naye.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa upande wa Gungu. Mwalimu huyu alikuwa anavaa sketi za kushona tu, na alikuwa ameapa kwamba suruali si za watu kama yeye. Siku moja sokoni hakukuwa na watu nikamwambia, "Mwalimu, subiri nikupime, haulipi." Nikampima juu ya sketi nyepesi. Kiuno 31, hipsi 45. Kwenye majedwali mengi ya Uingereza, kiuno cha 31 ni saizi 14. Hipsi za 45 ni saizi 18. Akivaa 14 inaishia mapajani. Akivaa 18 inapanda vizuri, ila kiunoni imekatwa kwa mtu wa inchi 35, kwa hiyo anabaki na inchi nne za hewa mgongoni. Ukiyaangalia majedwali hayo, tofauti ya kiuno na hipsi ni inchi 10 hivi: kwa saizi 10 ni hivyo, kwa 14 hivyo, kwa 18 hivyo. Tofauti ya dada wa sampuli imepanda nayo ngazi zote. Tofauti ya mwalimu ni 14. Unaweza kumpandisha mpaka 24 na bado asipate ya kumkaa juu na chini, kwa sababu anachokosa si ukubwa.

Tangu hapo mteja akifika sipokei namba yake. Naomba vipimo viwili, kiuno na hipsi, natoa, nabaki na tofauti. Tofauti ya 7 au 8 ni mtu aliyenyooka. Ya 9 mpaka 11, huyo ndiye viwanda vinamfikiria. Ya 12 kwenda mbele, tunakaa chini tuzungumze.

Watu hupenda kusema Mwafrika ana hipsi, wakamaliza. Meza yangu inakataa. Wanakuja kwangu wanawake wa hapa hapa, wa Ujiji, wa Kasulu, wa mwambao kule, walionyooka kama mwimo wa mlango, na shida yao ni kinyume: suruali inabana kiunoni na kupwaya nyuma kana kwamba kuna mtu aliyetoka. Wanakuja waliozaa karibuni, tumbo halijarudi, miguu ni ile ile ya usichana. Wanakuja warefu ambao magoti ya suruali yanawakuta juu ya magoti yao. Hata huko Marekani yule dada wa sampuli hawakilishi wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina waliangalia maumbo ya wanawake zaidi ya 6,000 waliopimwa kwa mashine, wakakuta wenye umbo la namba nane ni asilimia 8 tu. Asilimia 46 walikuwa wamenyooka, na wenye chini pana kuliko juu walizidi kidogo asilimia 20. Kwa hiyo hata mzungu anasimama mbele ya kioo chake akilaumu mapaja. Nilipoisoma hiyo niliwasomea wenzangu wa meza za jirani kwa sauti.

Halafu kuna jambo ambalo futi kamba haiwezi kulisema, na hili nimefundishwa na fundi anayekaa barazani nyuma ya meza yangu, mzee mwenye cherehani ya miguu. Wanawake wawili wana hipsi za 44. Mmoja upana wake uko ubavuni. Ukimtazama kwa mbele unauona, ukimtazama kwa upande ni bapa. Mwingine kwa mbele ni mwembamba, mzigo wote uko nyuma. Kamba inazunguka, inasoma 44 kwa wote wawili. Lakini suruali ya huyu wa pili inahitaji mshono wa nyuma uwe mrefu zaidi, ule unaotoka kiunoni, unapita kati ya makalio mpaka chini, kwa sababu kitambaa kina mlima wa kuupanda kabla ya kufika kiunoni. Mshono ukiwa mfupi, kiuno kinavutwa chini nyuma, na mbele kinakata tumbo. Mteja anasema inabana tumboni. Haibani tumboni, inaitwa na kalio.

Fundi alinionyesha namna ya kusoma mikunjo. Mteja avae, asimame wima, asijivute. Mikunjo ya kulala, inayokwenda kutoka ubavu hadi ubavu kwenye hipsi au mapaja, ina maana kitambaa hakitoshi kwa upana pale. Mikunjo ya mshazari inaelekea mahali palipobanwa. Ukiifuata kwa kidole utafika. Kitambaa kikijikusanya chini ya makalio kikaning'inia, nyuma kuna kitambaa kingi kuliko mwili. Na mkunjo wa kulala uliojipanga juu kidogo ya makalio, kwenye mgongo, ni wa mtu ambaye mgongo wake umeingia ndani sana, suruali imepanda ikakwama. Sasa hivi mteja hajafungua mdomo nami nimeshajua ataka nini, na wengine wanadhani nina dawa.

Zile za kiuno kifupi nazo zimetutesa. Mtindo ule ulishika kule miaka ya mwanzo ya 2000, huku zikafika taratibu ndani ya mabelo kwa miaka mingi baadaye. Mkanda unakaa chini ya kitovu, kwenye mfupa wa nyonga, kwa hiyo "kiuno" kilichoandikwa si kiuno chako, ni sehemu nyingine ya mwili kabisa. Mtu mwenye tofauti kubwa akiivaa amesimama anaonekana vizuri tu. Kigoma hii watu wanapanda bodaboda. Akishapanda tu, akaegemea mbele pikipiki inapopanda kilima cha kutoka stesheni, suruali inabaki nyuma na dunia nzima imeshaona nguo ya ndani. Mteja mmoja alirudi kwangu jioni hiyo hiyo na mfuko, hakusema neno, akaiweka mezani. Nikambadilishia. Siku hizi mwanamke akijaribu suruali kwangu namwambia achutame kwanza, asimame baadaye.

Vitambaa nisivirefushe. Jinzi ya pamba tupu haisamehe. Iliyochanganywa na mpira kidogo, hata asilimia 2 tu ile utakayoikuta kwenye lebo ya ndani, inakupa inchi nzima au zaidi ya uhuru, lakini baada ya kuvaliwa sana inalegea magotini na haikumbuki tena ilikotoka. Kiwandani nako vitambaa vinapangwa tabaka nyingi kwa wakati mmoja na kukatwa kwa kisu cha umeme. Tabaka zikiteleza kidogo, mbili za kampuni moja, namba moja, rangi moja, zinatofautiana kwa nusu inchi na bado zinapita ukaguzi. Halafu kwenye mitumba kuna aliyetutangulia. Alifua, akakausha kwa mashine ya joto, ikaingia. Au alikuwa na tumbo, ikapanuka pale lilipokuwa. Lebo inaeleza nguo ilivyotoka kiwandani, haielezi alivyoishi nayo.

Kwa hiyo wanawake wa soko wamejitafutia mbinu zao. Ile ya shingo unaijua: unafunga zipu na kifungo, unashika mkanda wa kiunoni ukiwa umekunjwa mara mbili, unauzungusha shingoni, ncha zikikutana nyuma bila kujikaba, kiuno kitakutosha. Huwa inakubali kwa wengi kwa sababu shingo ya mtu inakaribia nusu ya kiuno chake. Ila shingo haijui hipsi zako. Nimeona wanawake wanapima shingo, wanalipa, wanaondoka na furaha, na kesho wananirudia. Mimi nina kanga mbili nimezifunga kwenye kona ya kibanda, mteja anaingia humo, anavaa juu ya skintaiti, na kuna kipande cha kioo. Si chumba, lakini pamepunguza marudio kuliko mbinu yoyote ile ya shingo.

Kwa mwalimu na wenzake, kanuni yangu ni moja tu: nunua kwa hipsi, kiuno mwachie fundi. Suruali ya 18 ikimkaa mapajani na nyuma, mzee wangu wa barazani anafumua mkanda katikati ya mgongo, anashona mshono wa nyuma uingie ndani kwa mshazari, anakata kilichozidi, anapiga ovaloki, anarudisha mkanda. Elfu tatu, jinzi yenye mkanda mgumu elfu tano. Inchi nne akizitoa zote pale katikati mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inabusiana, kwa hiyo mbili anazitoa katikati na nyingine anazigawa ubavuni. Kinyume chake hakiwezekani. Kununua 14 kwa sababu kiuno kimekaa, ukitegemea fundi aongeze mapaja, ni kutupa hela, kwa kuwa ndani hakuna akiba. Viwanda vinaacha sentimita moja ya mshono, basi, kila kipande cha kitambaa kimehesabiwa. Shangazi huacha inchi nzima kila ubavu, maana anajua mwanamke atazaa, atanenepa, atapungua, na gauni lazima litembee naye.

Juu ya kiuno ni kesi nyingine, na hapa nakubali kwamba mitumba haina jibu zuri. Ramani za nguo nyingi zimechorwa kwa matiti ya sidiria ya kikombe B, pengine kwa sababu ndivyo alivyo dada wa sampuli. Mwenye matiti makubwa na mabega membamba akivaa shati la vifungo, kifungo cha kifuani kinafunguka kama kinataka kuzungumza. Akichukua kubwa zaidi, bega linamshukia kwenye mkono na kola inampwaya. Shati haliwezi kupunguzwa begani bila kulifumua lote, na mzee hataki kazi hiyo kwa bei ya soko. Hao nawapeleka kwa shangazi Ujiji, wakanunue kitenge. Napoteza mteja, lakini nikimuuzia shati lile atakuja kunisema hapa mbele ya watu.

Kampuni chache zimeanza kuliona suala la tofauti. Levi's mwaka 2010 walileta jinzi walizoziita Curve ID, baada ya kuangalia miili ya wanawake zaidi ya 60,000, wakaziweka kwa maumbo matatu, mbali na ukubwa. Zikidondoka kwenye belo utaona ndani zimeandikwa Bold Curve au Demi Curve. Ile Bold Curve siiweki mezani kabisa. Naipiga picha, namtumia mwalimu WhatsApp, na mara nyingi anajibu akiwa bado darasani.

Meza yangu sasa haijapangwa kwa namba. Upande wa kulia ni za hipsi, katikati za tumbo, zile zenye kiuno cha juu na mpira mgongoni, kushoto zilizonyooka. Jirani yangu wa meza bado anapanga 10, 12, 14, na anasema mimi nachanganya watu. Labda ni kweli kwa wageni, wenyeji wameshazoea. Nikifungua belo zilizonyooka ndizo nyingi, hasa belo likiwa la Asia, na za hipsi hazijazi hata mfuko wa sandarusi. Kwa hiyo za hipsi nimeziongezea elfu mbili kwenye bei, na bado haifiki saa sita mchana zimeisha. Zilizonyooka nazifunga kumi kumi kwa akina mama wanaopanda maboti pale Kibirizi kurudi Kalemie na Uvira, kule Kongo. Wiki iliyopita mmoja wao aligoma kuchukua furushi mpaka alifungue. Akatoa futi kamba kwenye pochi, akaanza kupima moja moja, kiuno, hipsi, kiuno, hipsi, akazitenga nne akasema hizi zirudi kwako, nikamwongezea nne nyingine.